Maswali ya Wasomaji: Wahafidhina, Obama na Mipaka ya Serikali Kuu ya Marekani

Makala ya toleo lililopita kuhusu sheria ya bima ya afya iliyotiwa saini na Rais Barack Obama imetuletea barua nyingi, na nyingi kati ya hizo zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: wahafidhina wa Marekani walikuwa wanapinga nini hasa? Nimechagua chache zinazogusa kiini cha ubishi huo. Naomba nieleweke mapema kwamba katika jambo hili nina msimamo wangu. Naamini swali waliloliuliza wahafidhina ni halali na lina maana kwa raia wa nchi yoyote, na naamini vilevile kwamba wengi waliolipigia kelele hawakulibeba hadi mwisho.

SWALI: Ndugu Mhariri, hongera kwa kazi. Nimesoma kwamba sheria ya Obama iliwapatia bima ya afya mamilioni ya watu waliokuwa hawana. Mtu mwenye akili timamu anawezaje kulipinga jambo la namna hiyo? Hapa kijiweni kwetu tumekubaliana kwamba ulikuwa ubaguzi wa rangi tu, basi. Je, tumekosea? (Msomaji wa Mwanza)

JIBU: Ubaguzi ulikuwepo, ndugu msomaji, na hakuna sababu ya kuuficha. Kwa miaka kadhaa walikuwepo watu, baadhi yao wenye majina makubwa, walioshikilia kwamba Obama alizaliwa Kenya na kwa hiyo hakustahili kuwa rais, ilhali alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1961, na cheti chake kamili cha kuzaliwa kilitolewa hadharani mwezi Aprili 2011. Uzushi ule haukuwa hoja ya kihafidhina wala hoja ya aina yoyote. Lakini mkiishia hapo mtakuwa mmeacha sehemu kubwa ya habari, kwa sababu upinzani dhidi ya serikali kuu kujiingiza katika bima ya afya ulianza kabla Obama hajajua hata kutembea. Mwaka 1961 Ronald Reagan, ambaye wakati huo alikuwa bado mwigizaji, alirekodi santuri nzima ya kuwaonya Wamarekani juu ya jambo hilohilo, na mwaka 1994 mpango wa afya wa Rais Bill Clinton, mzungu wa Arkansas, ulifia katika Bunge la Congress ukipigwa kwa hoja zilezile.

Hoja yenyewe inaanzia kwenye Katiba iliyoandikwa Philadelphia mwaka 1787. Kwa mujibu wa Katiba hiyo serikali kuu ina madaraka yale tu iliyopewa, na Marekebisho ya Kumi, yaliyoridhiwa mwaka 1791, yanatamka kwamba yote yasiyokabidhiwa kwake yamebaki kwa majimbo au kwa wananchi wenyewe. Ndiyo maana mhafidhina anaposoma sheria mpya, kabla hajauliza kama jambo linalokusudiwa ni jema, huuliza ni nani aliyepewa mamlaka ya kulifanya. Jimbo linaweza kumlazimisha mwenye gari kukata bima ya gari lake bila kutafuta ruhusa popote. Serikali kuu ni lazima ioneshe kifungu.

Kifungu kilichooneshwa kwa sheria ya Obama, iliyotiwa saini tarehe 23 Machi 2010 baada ya kupita bungeni bila kura hata moja ya Warepublican, chama chenye wahafidhina wengi, ni kile kinacholipa Bunge mamlaka ya kusimamia biashara baina ya majimbo. Kifungu hicho kilikuwa kimeshanyumbuliwa sana tangu zamani. Wakati wa utawala wa Franklin Roosevelt serikali ilipanga kiasi cha ngano ambacho kila mkulima angeruhusiwa kulima, ili bei isianguke. Roscoe Filburn, mkulima wa karibu na Dayton, Ohio, alipangiwa ekari 11.1 naye akalima 23, huku sehemu ya mavuno hayo akiitumia kwa mifugo na familia yake mwenyewe. Alitozwa faini ya dola 117.11. Alikwenda mahakamani, na mwaka 1942 Mahakama ya Juu iliamua kwa kauli moja kwamba hata ngano isiyovuka uzio wa shamba inagusa biashara ya taifa, kwa kuwa anayekula ngano yake mwenyewe hanunui ya sokoni. Anayetaka kuelewa wasiwasi wa wahafidhina juu ya serikali kuu na aanzie kwenye hukumu hii, maana ukiikubali mantiki yake ni vigumu kutaja jambo lolote la maisha ya binadamu ambalo Washington haina mamlaka nalo.

Sheria ya Obama ilikwenda hatua moja mbele zaidi. Filburn angalau alilima. Kuanzia mwaka 2014, mtu ambaye hakufanya lolote angetozwa fedha kwa sababu ya kutonunua bima. Wanasheria wa serikali walikuwa na jibu zito, nami silidharau: hakuna binadamu asiyeugua, na tangu mwaka 1986 sheria inazitaka hospitali kumhudumia anayefika katika chumba cha dharura hata kama hana senti mfukoni, kwa hiyo asiye na bima huwatwisha wenzake gharama zake. Ndipo Jaji Antonin Scalia, kesi ya kuipinga sheria hiyo ilipokuwa ikisikilizwa katika Mahakama ya Juu Machi 2012, alipouliza kama serikali ingeweza pia kuwalazimisha watu kununua mboga ya brokoli, kwa kuwa kila mtu hula. Swali lile lilidhihakiwa sana. Mimi naona lilistahili heshima, kwa sababu lilitaka kujua mpaka uko wapi, na upande wa serikali ulipata taabu kuuonesha.

Hukumu ilisomwa tarehe 28 Juni 2012. Jaji Mkuu John Roberts alianza kwa kueleza kwamba kifungu cha biashara hakiruhusu kumlazimisha mtu kununua bima, na vituo viwili vikubwa vya televisheni, CNN na Fox, vikakimbilia kutangaza kwamba sheria imeanguka. Kumbe alikuwa hajamaliza. Kwa kura 5 dhidi ya 4 Mahakama iliibakiza sheria kwa sababu nyingine, yaani kwamba tozo ile inaweza kuhesabiwa kuwa kodi, na mamlaka ya kutoza kodi Bunge linayo. Wahafidhina wengi walimwita Roberts msaliti siku ile. Nadhani kwa hasira yao hawakuona walichokipata: majaji watano walikuwa wamesema kwamba serikali kuu haiwezi kumsukuma raia aingie sokoni kwa kisingizio cha kusimamia biashara.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, je, si kweli kwamba wazo la kumlazimisha kila mtu kuwa na bima lilitoka kwa wahafidhina haohao? (Msomaji wa Dar es Salaam)

JIBU: Ni kweli. Taasisi ya Heritage, ambayo ni ngome ya wahafidhina mjini Washington, ililipendekeza mwaka 1989, na Mitt Romney, akiwa gavana wa Massachusetts, alilitia katika sheria ya jimbo lake mwaka 2006. Utetezi wa Romney alipogombea urais dhidi ya Obama mwaka 2012 ulikuwa kwamba jimbo lina haki ya kufanya jambo ambalo serikali kuu haina, na kwa mujibu wa Katiba utetezi huo unasimama. Hata hivyo hauwahusu wale waliolisifu wazo hilo kwa taifa zima katika miaka ya 1990, kisha wakaliita udhalimu lilipochukuliwa na rais wa chama kingine.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasikia mara kwa mara kwamba Obama aliwadanganya wananchi kuhusu bima zao. Ni propaganda au ni kweli? (Mwanafunzi, Zanzibar)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Obama aliahidi mara nyingi, tena bila masharti, kwamba anayeipenda bima yake ataendelea nayo. Katika miezi ya mwisho ya 2013 mamilioni ya watu walipokea barua za kuarifiwa kwamba bima zao zinafutwa kwa kuwa hazikidhi viwango vipya, na mwezi Novemba mwaka huo rais mwenyewe aliomba radhi katika mahojiano ya televisheni. Zingatia kwamba barua zile hazikutokana na hitilafu ya utekelezaji. Sheria iliorodhesha huduma za lazima ambazo bima za watu binafsi zilipaswa kuzibeba, ikiwemo huduma ya uzazi, kwa hiyo mume na mke wenye umri wa miaka 60 waliokuwa na bima ya bei nafuu isiyo na uzazi, tena waliyoichagua kwa hiari, waliambiwa kwamba bima hiyo haitoshi. Wapo wanaojibu kwamba bima haiwezi kusimama kila mtu akichagua hatari zake tu, na kama hesabu ya bima hoja hiyo ni sahihi. Ila ingepaswa kuelezwa kabla ya kura kupigwa, na hapo ndipo lawama ya wahafidhina ilipokuwa ya haki kabisa: ahadi ambayo maandishi ya sheria yenyewe yalikuwa yanaikanusha haikupaswa kutamkwa hata mara moja.

SWALI: Mhariri mpendwa, salaam kutoka Dayton, Ohio. Familia yetu ilitoka Kivu Kusini, tukapitia kambi ya Nyarugusu, na sasa sote ni raia wa Marekani. Nilipopunguziwa saa za kazi nilipata Medicaid bila shida. Dada yangu aliyeko Houston, ambaye hana mtoto na kipato chake ni kidogo kuliko changu, ameambiwa hastahili. Nchi ni moja na rais ni mmoja. Inakuwaje? (Mama wa watoto watatu)

JIBU: Mpe dada pole zangu. Kinachomtesa ni sehemu ya pili ya hukumu ileile ya 2012, ambayo magazeti hayakuizungumza sana. Sheria ya Obama ilikusudia kupanua Medicaid, ambayo ni bima ya watu wa kipato cha chini inayogharimiwa kwa pamoja na serikali kuu na jimbo, ili imfikie kila mtu mzima ambaye kipato chake hakizidi asilimia 138 ya kiwango cha umaskini. Jimbo ambalo lingekataa lingeweza kupoteza hata fedha za Medicaid ya zamani. Majaji saba kati ya tisa, wakiwemo wawili walioteuliwa na marais wa chama cha Democratic, waliona kwamba kuliwekea jimbo sharti la namna hiyo ni kulishika koo, na upanuzi ukawa wa hiari. Ohio ilikubali. Texas ilikataa, na mpaka sasa mtu mzima asiye na mtoto wala ulemavu hawezi kuipata Medicaid huko hata akiwa hana kipato chochote. Baya zaidi, ruzuku za kununua bima binafsi zilipangwa kuanzia kwa wenye kipato kinachofikia kiwango cha umaskini, kwa kuwa walioandika sheria walidhani walio chini ya hapo wote watakuwa katika Medicaid. Mtu wa chini kabisa akabaki bila hiki wala kile.

Naafiki kwamba serikali kuu haipaswi kuligeuza jimbo kuwa tarishi wake, na naafiki hukumu ile. Lakini kuwa na haki ya kukataa hakumaanishi kwamba ni vema kukataa, na wahafidhina wa Texas walipaswa kuja na njia yao wenyewe ya kumtibu mtu kama dada yako. Serikali kuu ilikuwa inalipa gharama yote ya upanuzi katika miaka mitatu ya mwanzo, na tangu 2020 inalipa asilimia 90. Hoja yao kwamba ukarimu huo siku moja utapunguzwa na mzigo kuliangukia jimbo si ya kupuuzwa, kwa kuwa deni la taifa lilipita dola trilioni 36 mwaka 2024. Kwa mgonjwa anayehitaji dawa ya sukari leo, hata hivyo, hoja hiyo haijibu lolote.

Wewe umepona kwa uamuzi wa mhafidhina. Gavana John Kasich wa Ohio, Mrepublican aliyejijengea jina bungeni kwa kubana matumizi ya serikali, aliupokea upanuzi mwaka 2013, na alipolaumiwa na wenzake aliwajibu kwamba mtu atakapofika mbele ya Mtakatifu Petro hataulizwa sana alifanya nini ili serikali ibaki ndogo, bali ataulizwa aliwafanyia nini maskini. Maneno hayo yaliwachoma wengi. Lazima niongeze kwamba Kasich, baada ya kukwama katika bunge la jimbo, aliupitisha mpango huo kupitia bodi ndogo ya kuidhinisha matumizi yenye wajumbe saba, na wahafidhina waliomlaumu kwa kulikwepa bunge walikuwa na haki ya kusema hivyo, hata kama mimi nafurahi kwamba wewe una bima.

Kwa sasa, dada aulize Houston kuhusu vituo vya afya vya jamii vinavyopata ruzuku ya serikali kuu, ambavyo hutoza kulingana na kipato. Na iwapo kipato chake cha mwaka kitafikia kiwango cha umaskini, aombe ruzuku ya bima wakati wa usajili, kwa kuwa dola chache tu zinaweza kuwa tofauti kati ya kukataliwa na kukubaliwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, sheria hiyo bado ipo au Trump aliifuta? (Msomaji wa Mbeya)

JIBU: Bado ipo. Jaribio kubwa la kuifuta lilishindwa katika Seneti usiku wa manane kuamkia tarehe 28 Julai 2017, kwa kura 51 dhidi ya 49, baada ya Seneta John McCain, Mrepublican wa Arizona aliyekuwa akiugua saratani ya ubongo, kusimama mbele ya meza ya makarani na kugeuza kidole gumba chini. Miezi michache baadaye sheria ya kodi ilishusha ile tozo ya kutokuwa na bima hadi sifuri, kuanzia mwaka 2019. Kwa hiyo amri iliyopiganiwa hadi Mahakama ya Juu imebaki kwenye karatasi, wakati ruzuku na upanuzi wa Medicaid vinaendelea. Ugomvi wa sasa ni juu ya ukubwa wa ruzuku hizo, na ndio uliochangia kufungwa kwa shughuli za serikali kuu kwa siku 43 kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025.

SWALI: Mhariri, wahafidhina walilalamika kwamba Obama anatawala kwa kalamu yake badala ya Bunge. Mbona rais wao akifanya hivyohivyo wananyamaza? Sisi tunaofanya kazi katika kliniki za VVU huku Afrika Mashariki tuliona misaada ikisimama kwa amri ya mtu mmoja. (Muuguzi, Kisumu)

JIBU: Dada muuguzi, swali lako ndilo lililonifanya nitenge ukurasa huu. Lalamiko dhidi ya Obama lilikuwa na msingi. Mwaka 2013 serikali yake iliahirisha sharti la waajiri kutoa bima, ingawa tarehe ilikuwa imeandikwa ndani ya sheria. Iliwalipa makampuni ya bima fedha ambazo Bunge halikuzitenga, na Mei 2016 jaji wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba malipo hayo yalikiuka Katiba. Januari 2014 Obama alitangaza kwamba ana kalamu na simu, na kwamba hatangojea Bunge, na Novemba mwaka huo akatoa mpango wa kuwakinga na kufukuzwa mamilioni ya wahamiaji wasio na vibali, ingawa yeye mwenyewe alikuwa amesema zaidi ya mara moja kwamba hana uwezo wa kulifanya hilo peke yake. Mahakama ziliuzuia. Joe Biden naye alitaka kufuta madeni ya wanafunzi yenye thamani ya takriban dola bilioni 400 kwa kutegemea sheria ya 2003 iliyotungwa kwa ajili ya dharura za kitaifa, na tarehe 30 Juni 2023 Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 6 dhidi ya 3. Katika hukumu ile Roberts alimnukuu Nancy Pelosi wa chama cha Biden mwenyewe, ambaye mwaka 2021, akiwa Spika, alikuwa amesema kwamba rais hana uwezo huo. Katika hayo yote wahafidhina walikuwa wanatetea jambo moja la msingi, kwamba mfuko wa fedha za umma uko mikononi mwa Bunge.

Sasa tazama upande wa pili. Februari 2019 Donald Trump, baada ya Bunge kumnyima fedha alizoomba za ukuta wa mpakani, alitangaza hali ya dharura ili azichukue kwingine. Maseneta 12 wa chama chake, wakiwemo Mike Lee, Rand Paul, Mitt Romney na Rob Portman wa Ohio, waliungana na Wademokrat kuikataa amri hiyo, na kura zikawa 59 dhidi ya 41. Trump alitumia kura yake ya turufu. Maseneta 41 waliobaki upande wake, ambao baadhi yao walikuwa wamemlaumu Obama kwa kulipuuza Bunge, walithibitisha kwamba mkuki kwa nguruwe ni mtamu.

Januari 2025 ikaja amri ya Trump mnayoikumbuka ninyi huko, iliyosimamisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Mpango wa PEPFAR, yaani msaada wa Marekani wa kupambana na VVU, haukuwa wa mrengo wa kushoto. Ulianzishwa mwaka 2003 na George W. Bush, rais mhafidhina, ukapitishwa na Bunge kwa kura za vyama vyote viwili, na Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kunufaika. Kwa hesabu ya serikali ya Marekani yenyewe umeokoa maisha ya watu milioni 25. Mhafidhina ana haki kamili ya kusema kwamba misaada ya nje ipunguzwe, hata ifutwe. Lakini fedha zile zilikuwa zimeshatengwa na Bunge, na sheria ya mwaka 1974, iliyotungwa baada ya Richard Nixon kuzizuia fedha za namna hiyo, inamtaka rais aliombe Bunge kibali.

Njia hiyo ya kisheria ilipofuatwa, matokeo yalikuwa tofauti. Juni 2025 rais alipeleka ombi la kufuta matumizi ya takriban dola bilioni 9, na Julai Bunge likakubali sehemu kubwa yake, lakini Seneti ikaondoa kwanza dola milioni 400 zilizokuwa zikatwe kutoka PEPFAR. Yaani wabunge wa chama cha rais, walipoulizwa, walisema hapana juu ya dawa za VVU. Mwezi Agosti rais alitangaza kuzizuia dola bilioni 4.9 nyingine za misaada ya nje, mwaka wa fedha ukiwa karibu kwisha, ili muda wa kuzitumia upite kabla Bunge halijapiga kura. Seneta Susan Collins, Mrepublican anayeongoza kamati ya Seneti ya kugawa fedha, alisema hadharani kwamba hatua hiyo inakwenda kinyume cha sheria. Wenzake wachache walimuunga mkono. Wengi kati ya wale waliojaza kurasa kuhusu kalamu ya Obama hawakuandika lolote, nami nawadai maelezo.